Kilio Darini: Mzimu na Upweke wa Ndoa katika Mchezo wa Televisheni

Utangulizi

Tarehe 17 Desemba 1972, idhaa ya pili ya televisheni ya Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC2, ilionyesha mchezo uitwao A Woman Sobbing, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa ‘Mwanamke Aliaye kwa Kwikwi’. Mchezo huo uliandikwa na John Bowen, nao ulikuwa wa mwisho katika mfululizo wa michezo saba ya mizimu uliopewa jina la Dead of Night, yaani ‘Usiku wa Manane’. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Jane na Frank ni mke na mume wa tabaka la kati wanaoishi pamoja na watoto wao katika nyumba kubwa mashambani. Usiku Jane humsikia mwanamke akilia katika chumba cha darini. Mumewe hasikii kitu. Mke anatafutiwa tiba ya daktari, na dini nayo inaitwa isaidie, lakini kilio hakikomi. Katika nafasi ya mke ameigiza Anna Massey, na katika nafasi ya mume ameigiza Ronald Hines.

Wahakiki wa michezo ya aina hii wana swali moja walipendalo kuliko yote: je, mzimu upo kweli, au ni maradhi ya akili ya mhusika? Swali hilo lina historia ndefu katika fasihi ya Ulaya na Marekani, na Bowen mwenyewe analichezea kwa ustadi, kwa kuwa hampi mtazamaji ushahidi wa kutosha wa kuegemea upande mmoja. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, hata likijibiwa, halifiki kwenye kiini cha mchezo. Na kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki laweza hata kumpotosha. Swali lenye faida zaidi ni hili: kwa nini Jane asikie peke yake, na ni nani aliyepaswa kusikia pamoja naye? Likiulizwa hivyo, mchezo huu wa Kiingereza unaacha kuwa hadithi ya kutisha ya watu wa mbali. Unakuwa kipimo cha jambo ambalo tamthilia ya Kiswahili, na hasa ile ya televisheni, haijalitendea haki: upweke wa mtu aliye ndani ya ndoa.

Mizimu Miwili

Ili kuona alichokifanya Bowen, inafaa kuulinganisha mchezo wake na mwingine wa mfululizo huohuo. Kati ya michezo saba ya Dead of Night ni mitatu tu iliyohifadhiwa, kwa kuwa desturi ya shirika hilo zamani ilikuwa kufuta kanda ili zitumike tena. Mchezo wa kwanza kuonyeshwa, The Exorcism wa Don Taylor, ni mmojawapo wa hiyo mitatu. Humo jozi mbili za mke na mume, watu wenye nafasi na elimu, wanakula chakula cha Krismasi katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya wakulima maskini na sasa imekarabatiwa kwa fedha nyingi. Divai inakuwa na ladha ya damu, chakula kinawaunguza vinywa, na hatimaye mzimu wa mwanamke aliyekufa kwa njaa humo ndani pamoja na watoto wake unasema kwa kinywa cha mmoja wa wake hao.

Mzimu wa Taylor una historia, una tabaka na una hoja. Unajua ni nani aliyeudhulumu, na unawaambia walioirithi nyumba kwamba starehe yao imejengwa juu ya mifupa yake. Mhakiki aliyezoea kuisoma fasihi kama kioo cha migogoro ya kitabaka hatapata taabu hata kidogo kuuelewa mchezo huo. Katika hilo Taylor hayuko mbali na Ebrahim Hussein, ambaye katika tamthilia yake Mashetani, iliyochapishwa mwaka 1971, alimtumia shetani kuwasema wakoloni na warithi wao. Katika kazi zote mbili kiumbe asiye wa dunia hii amekuja kutoa ushahidi juu ya dunia hii.

Mzimu wa Bowen hautoi ushahidi wowote. Hauna jina wala kisa cha kudhulumiwa, na haumwombi mtu kitu. Unalia tu. Mtazamaji anayesubiri aambiwe ni nani aliyewahi kuteswa katika chumba kile cha darini atasubiri bure. Baadhi ya watu wangeuona huo kuwa upungufu wa kisa, lakini kwa hakika ndio msingi wa mchezo mzima. Taylor anashughulikia dhuluma ambayo tayari ina msamiati wake: njaa, ardhi, mali, tajiri na maskini. Bowen anashughulikia hali ambayo mwenye nayo hajui aiiteje. Jane ana nyumba, ana watoto wenye afya, ana mume ambaye hampigi wala hamnyimi chakula. Akiulizwa ana shida gani, hana la kutaja. Mwaka 1963 mwandishi wa Kimarekani Betty Friedan alikuwa amekwisha kuiandikia kitabu hali hiyo ya wanawake wa nyumba nzuri, na aliieleza kuwa ni tatizo lisilo na jina. Bowen amelipa tatizo hilo sauti bila kulipa jina, na ndiyo sababu sauti hiyo ni ya kwikwi tupu.

Fani: Sauti na Dari

Fani ya mchezo inatokana moja kwa moja na maudhui hayo. Televisheni ya miaka ile haikuwa na uwezo wa sinema wa kutapanya macho ya mtazamaji juu ya mandhari mapana. Sehemu kubwa ya michezo yake ilirekodiwa studioni, kwa wahusika wachache na vyumba vichache, na nguvu yake ilikuwa katika nyuso na mazungumzo. Wapo waliouona huo kuwa udhaifu. Kwa mchezo wa ndoa, hata hivyo, ni nguvu, maana ndoa nayo huchezwa katika vyumba vichache: chumba cha kulala, jikoni, mezani. Zaidi ya hayo, televisheni hutazamwa nyumbani. Mke na mume walioketi mbele ya sanduku hilo usiku wa Desemba 1972 walikuwa wakimtazama mke na mume katika nyumba kama yao, na huenda baina yao palikuwa na kimya kilekile.

Jambo la pili ni dari. Katika riwaya ya Charlotte Brontë, Jane Eyre, ya mwaka 1847, mke wa kwanza wa bwana mwenye nyumba amefungiwa orofa ya juu, na watu wanaambiwa kuwa kelele zinazotoka huko ni za mtumishi. Haiyumkiniki kuwa Bowen hakuikumbuka riwaya hiyo alipompa mhusika wake jina la Jane na kuiweka sauti darini. Lakini amefanya badiliko moja kubwa. Kwa Brontë, aliyefungiwa juu ni mwanamke mwingine, mgeni kutoka Jamaika, na Jane wa chini yuko salama. Kwa Bowen chumba cha juu ni kitupu. Mtu akipanda ngazi akafungua mlango, hamkuti mtu. Kwa hiyo anayelia hana pengine pa kuwa isipokuwa chini, kitandani, kando ya mume aliyelala.

Jambo la tatu, na ndilo linalopuuzwa mara nyingi, ni kwamba mtazamaji naye anakisikia kilio. Mwandishi angeweza kumwonyesha Jane akishtuka pasipo sauti yoyote kusikika, na hapo mtazamaji angekuwa upande wa Frank, akimchungulia mwanamke aliyechanganyikiwa. Kinyume chake, sauti inaletwa hadi sebuleni kwa mtazamaji. Mtazamaji anafanywa kuwa shahidi wa pekee wa Jane, naye ni shahidi asiyeweza kufungua kinywa. Hofu ya mchezo imo katika hali hiyo ya kujua na kutoweza kusema. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bowen anamlaza mtazamaji katika kitanda cha watu wengine usiku kucha, kisha anamnyima ruhusa ya kuwaamsha.

Pepo Mwenye Madai

Mtazamaji aliyekulia Afrika Mashariki huenda akauona mchezo huu kwa mshangao wa namna nyingine. Kwake hakuna ajabu katika mke kupandwa na pepo au kusikia mambo yasiyosikika na wengine. Ajabu ni kwamba hakuna anayekuja. Nyumba ina kilio usiku baada ya usiku, na hapaonekani shangazi, wifi, mama mkwe wala jirani wa kubisha hodi.

Katika mwambao wa Kenya na Tanzania pepo ni jambo lenye utaratibu. Aliyepandwa huitwa kiti cha pepo. Mganga huitwa, watu hukusanyika kilingeni, ngoma hupigwa, na pepo hutakiwa ajitaje: jina lake, kabila lake na anachokitaka. Pepo hutaka nguo, pete, manukato au chakula fulani, na mara nyingi anayegharimia ni mume. Mambo yanayokaribiana na hayo yameandikwa pia juu ya Wataita. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Grace Harris alichapisha makala yake kuhusu saka, hali iliyokuwa ikiwapata zaidi wanawake walioolewa. Mwanamke aliweza kushikwa na mtetemo kwa kuona au kusikia kitu fulani, kwa mfano gari la moshi au motokaa, na alitulizwa kwa ngoma ya saka na kwa kupewa vitu. Harris aliona kwamba vitu hivyo aghalabu vilikuwa vile ambavyo mwanamke hakuweza kuvipata ila kwa mkono wa mwanamume, katika jamii ambamo ardhi, mifugo na fedha ya mshahara vilikuwa mikononi mwa wanaume. I. M. Lewis naye, katika kitabu chake Ecstatic Religion cha mwaka 1971, alieleza kuwa pepo wa aina hiyo ni njia ya mnyonge ya kudai haki bila kumkabili mkubwa wake uso kwa uso.

Tofauti na mchezo wa Bowen ni dhahiri. Pepo wa kilingeni ana madai, na madai huwa na wa kuyasikia. Ugonjwa wa mke unafanywa kuwa shughuli ya wengi, na mume anaketishwa hadharani asikie. Katika lugha ya Kikuyu, inayosemwa na watu wengi wa Nakuru, neno ngoma lina maana ya mizimu, na kreta ya Menengai iliyo juu ya mji huo huitwa Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Katika Kiswahili neno hilohilo ni chombo kinachopigwa na mchezo unaochezwa. Maneno hayo yamekutana mjini Nakuru kana kwamba yamekusudiwa: mzimu upande mmoja, na upande mwingine ngoma inayomwita ajieleze. Kilichokosekana katika nyumba ya Jane ni hiyo ngoma ya pili.

Hata hivyo hapana budi kujihadhari. Ni rahisi kutoka hapo na kudai kwamba jamii ya Kiafrika ilikwisha kulitatua tatizo la mke mpweke, na kwamba mchezo wa Bowen ni habari ya Wazungu na nyumba zao za baridi. Ngoma humpa mke kanga na pete, lakini haimpi mume wa kuzungumza naye. Pepo akisharidhishwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Tena si mke aliyesema: aliyesema ni pepo, na mke mwenyewe akizinduka huambiwa kuwa hakumbuki neno. Kwa maana hiyo Jane na kiti cha pepo ni ndugu. Wote wawili wameazima sauti ya kiumbe mwingine kwa sababu ya kwao haikusikilizwa.

Daktari wa Mathari

Dai kwamba Mwafrika hajui upweke lina ukoo usiopendeza, na inafaa ukoo huo ukumbukwe. J. C. Carothers alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, The African Mind in Health and Disease, ambamo alishikilia kwamba maradhi ya majonzi mazito ni adimu miongoni mwa Waafrika. Kwa maoni yake, Mwafrika hakuwa na nafsi iliyojitenga na kujihukumu kiasi cha kuweza kuugua hivyo. Ushahidi wake ulitokana kwa sehemu kubwa na watu waliofikishwa hospitalini, yaani wale waliopiga kelele kiasi cha kushikwa. Mwanamke aliyekaa kimya katika nyumba yake hakuhesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyemleta.

Madaktari na wataalamu waliokuja baadaye wameyakataa maoni hayo. Lakini mhakiki anayesema kwa fahari kwamba Afrika ina ujamaa na kwa hiyo haina upweke, anamuunga mkono Carothers pasipo kujua. Wote wawili wanamnyima mwanamke wa Kiafrika nafsi ya ndani. Mmoja anamnyima kwa dharau na mwingine kwa sifa. Saka peke yake inatosha kuwajibu: watu wasiojua upweke wasingekuwa na haja ya kuupigia ngoma.

Majumba ya Bonde la Ufa

Wala nyumba ya Jane si ngeni katika Kenya. Kuanzia Naivasha kupitia Gilgil na Nakuru hadi Njoro na Molo, walowezi walijenga nyumba za mfano wake: kubwa, zilizozungukwa na ekari nyingi, jirani akiwa mbali, na maskwota wakiwekwa nyuma mahali ambapo moshi wao hauonekani kutoka barazani. Kando ya ziwa Naivasha Cyril Ramsay-Hill alijenga katika miaka ya 1920 jumba la mtindo wa Kimori ambalo walowezi waliliita Djinn Palace, Kasri la Jini. Mkewe, Mary, alimwacha akaolewa na Lord Erroll mwaka 1930, na akabaki na mume huyo mpya katika jumba hilohilo. Alifariki mwaka 1939 baada ya kudhoofishwa na ulevi. Erroll mwenyewe aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi mwezi Januari 1941, na tangu hapo vitabu na filamu zimekuwa zikimsimulia yeye na wapenzi wake. Mke aliyenyauka ndani ya Kasri la Jini hutajwa kwa sentensi mbili tatu. Walioliita jumba hilo kwa jina la jini hawakuwa na kilinge cha kumuuliza jini huyo alitaka nini.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Nakuru. Maurice Egerton, ambaye mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo huko Njoro iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, alijijengea jumba la mawe kati ya mwaka 1938 na 1954, kazi ikikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia. Linasemekana kuwa na vyumba 52. Hakuoa. Alifariki mwaka 1958. Masimulizi ya mahali hapo, ambayo wageni husimuliwa hadi leo, husema kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baadaye hakutaka mwanamke yeyote akanyage hapo. Masimulizi si historia, na thamani yake ni ya kifasihi. Yanaonyesha jinsi wenyeji walivyolisoma jumba lile: nyumba iliyotangulia ndoa, ikangojea, ikabaki tupu. Siku hizi maharusi wengi wa Nakuru huenda huko kufanya arusi na kupigwa picha. Wanasimama mbele ya mawe yaliyojengwa na mtu mpweke na kuahidiana kutopungukiwa na mwenzi. Hapo kuna mchezo wa televisheni ambao haujaandikwa.

Baada ya uhuru nyumba za aina hiyo zilipata wenyeji wapya, na mfano wake ukaenea. Nakuru, iliyotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina mitaa ya Milimani yenye kuta na malango ya chuma, kama ilivyo na mitaa ya Bondeni na Kaptembwo ambako chumba kimoja kinapakana na kingine. Mtu angetarajia upweke ukae Milimani tu, lakini sivyo. Mke wa dereva wa malori yaendayo Malaba anaweza kusikia kila neno la jirani kupitia ukuta mwembamba na bado akakosa wa kumwambia lake. Ukuta mwembamba humfanya afiche zaidi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, yasema methali. Lakini adabu ya mtaa ni kutofungua.

Upweke na Ukiwa

Kiswahili chenyewe kina akiba ya kutosha kwa kazi hii. Lugha inatofautisha upweke na ukiwa. Upweke ni hali ya mtu kuwa peke yake. Chanzo chake ni hesabu, mmoja bila wa pili. Ukiwa ni hali ya aliyeachwa, ya mahali palipokuwa na watu na sasa hapana. Nyumba huwa na ukiwa baada ya msiba au baada ya wana kuondoka. Jane hayumo sawasawa katika neno lolote kati ya hayo. Hayuko peke yake, kwa kuwa mume yupo kando yake. Hakuachwa, kwa kuwa mume hurudi nyumbani. Hali yake ni ukiwa uliotangulia kuondoka: ameachwa na mtu aliyepo.

Ugumu huu wa kuitaja hali hiyo si hoja ya kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza. Ni kazi ya tamthilia kufikia mahali ambapo neno moja halitoshi. Bowen naye hakuwa na neno la Kiingereza; alikuwa na sauti darini. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kutafuta sauti yake: kinu kinachotwanga jikoni usiku wakati hakuna anayetwanga, au hodi inayobishwa mlangoni kila jioni, na mke akifungua hamkuti mtu. Hodi hasa ingefaa, kwa kuwa ni sauti ya mtu anayeomba kuingia, na katika nyumba ya mke mpweke hakuna aombaye hivyo.

Tamthilia ya Mashahidi

Televisheni nchini Kenya ilianza mwaka 1962, na kwa miaka mingi chini ya Sauti ya Kenya mchezo wa Kiswahili uliopendwa ulikuwa wa kuchekesha. Katika Vitimbi, ugomvi wa Mzee Ojwang na Mama Kayai ulikuwa mali ya umma. Kila mtu aliusikia na kila mtu alikuwa na la kusema. Katika Vioja Mahakamani magomvi yaliletwa mbele ya hakimu, washtakiwa wakajitetea, mashahidi wakaitwa, hukumu ikatolewa. Sanaa hiyo isidharauliwe. Iliwapa Wakenya wa lugha nyingi jukwaa moja na Kiswahili kilichochangamka, na ilirithi umbo la baraza, ambamo jambo huwa halijatokea mpaka litolewe mbele ya watu.

Lakini umbo hilo lina mpaka wake. Ni tamthilia ya mashahidi, na upweke katika ndoa hauna shahidi. Mke atakayesimama kizimbani na kusema kwamba mumewe anakula, analala, analipa karo na hasemi naye, ataulizwa kosa liko wapi, na hadhira itacheka. Kesi yake haiwezi kusikilizwa katika Vioja Mahakamani kwa kuwa haina kitendo. Ndiyo sababu mambo ya mizimu yanahitajika. Mzimu unaingia mahali ambapo ushahidi umekwisha na maumivu hayajaisha. Filamu za video za Afrika Mashariki zilizovuma kuanzia miaka ya 2000 zimejaa majini na mizimu, lakini mara nyingi jini huletwa kutisha na kuadhibu: mke mwovu, mwizi wa mume, tamaa ya mali. Jini akishinda au akishindwa, kisa kimekwisha. Ni nadra kumwona jini aliyeletwa ili mtazamaji asikie kile ambacho mume hasikii.

Hitimisho

A Woman Sobbing si mchezo usio na kasoro. Unaishi ndani ya tabaka moja na hauchungulii nje ya dirisha lake. Wanawake waliofagia nyumba kama ile, au waliozilimia nyumba kama ile katika Bonde la Ufa, hawamo. Katika hilo The Exorcism umeona mbali zaidi. Pamoja na hayo, Bowen amefanya jambo ambalo hoja ya kitabaka peke yake haikuweza kulifanya. Amethibitisha kwamba mtu asiyedhulumiwa kwa kipimo chochote kinachojulikana anaweza kuwa anaangamia, na kwamba watu wema walio karibu naye wanaweza kumwangamiza kwa kutosikia tu.

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kulishughulikia jambo hilo ana faida mbili ambazo Bowen hakuwa nazo. Anayo desturi ya pepo anayetakiwa ajitaje, na anayo hadhira iliyozoea kuamini kwamba kilio cha mmoja ni habari ya wengi. Asiitumie desturi hiyo kama pambo la utamaduni, wala asijifariji kwamba ngoma ilikwisha kumponya mke wa zamani. Aanzie pale ngoma ilipoishia: watu wametawanyika, mganga amelipwa, kanga mpya imekunjwa juu ya kitanda, mume amelala, na mke yu macho akisikiliza. Kitakachosemwa baada ya hapo kisisemwe na pepo. Mke mwenyewe ndiye apewe maneno, na mume aamshwe ayasikie.